Kabla hujanunua tangi

Jang'ombe, Unguja

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia Alkhamisi, na picha ya ukumbi unaotaka kuliweka tangi lako la kioo la majani ya majini na samaki nimeitazama mara nyingi. Sisi hapa wazima. Mama anakusalimu, na anauliza mikarafuu imezaa vipi mwaka huu. Nimefurahi mno, kwani miaka yote hii sikuwa na mtu wa kuzungumza naye habari za majani ya majini, na leo umenijia na maswali ukurasa mzima.

Orodha yako ya vifaa nimeisoma. Naomba ufute vitu viwili kabla hujatoa hata senti: hita ya kupasha maji na chupa ya gesi ya kaboni ya kulishia majani. Hita ni ya watu wa nchi za baridi. Taabu yetu sisi ni Kaskazi, maji yanapopanda mpaka nyuzi 30 na majani yakaanza kuyeyuka. Hapo weka feni ndogo ipulize juu ya maji, yatapoa nyuzi mbili tatu. Maji yatapungua, nawe uyajazie kwa maji ya mvua, si ya kisima, maana yanayopaa ni maji matupu, chokaa yote hubaki ndani na kila ukijazia ya kisima unaiongeza. Gesi nayo ni ya bustani zenye taa kali na mkasi kila wiki. Anubiasi, valisneria na kriptokorine, majani matatu ya majini ambayo ndiyo ninayotaka uanze nayo, hayaihitaji.

Fedha utakayoiokoa itie kwenye taa. Kwa tangi la sentimita 60 kwa 30, kimo 36, ambalo huchukua kama lita 65, inatosha taa ya LED ya wati 15 hadi 20, nyeupe ya mchana, ile iliyoandikwa 6500K. Iwake saa saba kwa siku, na ununue saa ya umeme ya kuiwasha na kuizima, usitegemee kumbukumbu yako. Na tangi liondoe dirishani. Jua la asubuhi litakuletea ule utelezi wa kijani tunaouona kwenye kuta za hodhi, na hutaumaliza. Likijaa, pamoja na mchanga na kioo, litapindukia kilo 80. Kwako sakafu ni ya zege, sina wasiwasi. Shangazi yangu kule Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, nilimwekea lake ukutani kabisa, pale ncha za boriti zinapoingia kwenye ukuta, wala si katikati ya chumba.

Sasa mchanga. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwani ndipo nilipoumia. Tangi langu la kwanza nililitia mchanga wa pwani, mweupe, laini, niliouosha siku nzima. Muuza samaki mmoja aliniambia hauna neno. Mwezi wa pili majani machanga yakaanza kutoka ya manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki na kijani. Nikatia mbolea, nikabadilisha taa, wapi! Mchanga wa pwani zetu ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa, na chokaa ikizidi majini mmea haupati madini ya chuma hata yakiwapo. Nililing'oa tangi zima.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kijiko cha mchanga mkavu, utie kwenye kisosi, ukamulie ndimu, kisha sogeza sikio. Ukisikia unachemka kidogo kidogo na kuona vipovu pembeni mwa chembe, huo ni wa kujengea, si wa kupandia. Ukinyamaza kimya, ni wako. Nyinyi Pemba mna vijito, mchanga wa kijitoni unaweza kukufaa, lakini nao uonjeshe ndimu. Chini yake tandaza kinamo sentimita mbili, kutoka mahali pasipotiwa mbolea ya dukani wala samadi, juu yake mchanga sentimita nne. Valisneria na kriptokorine hula kwa mizizi, na humo yatakuta chakula cha muda mrefu. Anubiasi usiifukie, shina lake litaoza. Ifunge kwa uzi kwenye kigae cha chungu kilichovunjika. Jiwe la pwani usilitumie, limejaa chokaa ile ile.

Kuhusu chujio, najua umeipenda ile mashine ya chini ya tangi, ya mkebe uliofungwa. Ni nzuri kwa mwenye umeme usiokatika. Sisi umeme wetu unakuja kwa waya uliolala chini ya bahari, na hujasahau Unguja tulivyokaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Hata ukikatika kwa saa chache tu, wale vijidudu wanaosafisha maji hukosa hewa ndani ya mkebe, wanakufa, na umeme ukirudi mashine inayatapika hayo maji mabovu juu ya samaki. Nunua chujio la sponji na pampu ya hewa yenye betri ya kuchaji. Umeme ukikatika, vipovu vinaendelea kupanda. Pampu iweke juu zaidi ya usawa wa maji, ikiwa chini, ikizimika maji yatarudi kwa mpira mpaka ndani yake na kuiua. Sponji ulikamue kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, si bombani.

Samaki ulioniomba, wale wa vidimbwi wenye mkia mwekundu, ninao, na sponji wanaipenda kwa sababu hawastahamili mkondo. Wataalamu huwaita Nothobranchius guentheri, jina walilopewa mwaka 1893, na asili yao ni kisiwa hiki cha Unguja peke yake. Kidimbwi kikikauka wakubwa hufa, mayai hungoja ndani ya tope mpaka mvua irudi. Ndiyo maana nakuomba kwa dhati: maji ya tangi, tope lake wala jani lake usiyamwage bondeni kwenu. Yai moja lililofichika linatosha kuanzisha kizazi mahali pasipokuwa pao. Mwaga kwenye migomba, juani.

Majani nitakufungia kwa gazeti lililorowa ndani ya mfuko, nimpe mtu wa boti ya Wete Jumamosi ijayo. Samaki sitawaleta mpaka tangi limekaa wiki nne na majani yametoa vichipukizi vipya. Utakapoupata mchanga, nipigie simu ukiwa na kisosi na ndimu mkononi, tusikilize pamoja.

Wasalaam,
Ni mimi sahibu yako