Mstari mmoja kwenye cheti ulivyomnyima dereva kazi

Mhariri,

Mimi ni karani katika yadi ya malori hapa Changamwe, na huu ni mwaka wangu wa 19. Faili za madereva wanaoomba kazi hupita mezani kwangu kabla ya kupanda kwa meneja, na nyingi huishia hapo hapo. Naandika kwa sababu mwezi Machi niliiweka kando faili ya mtu asiye na kosa, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia.

Faili ya dereva wa trela haina mambo mengi. Kuna nakala ya leseni, na kitu cha kwanza ninachotazama ni daraja: asiye na CE, yaani daraja la trela, hawezi kuburuta kontena, hata awe ameendesha lori dogo miaka kumi. Kuna barua za waajiri wa zamani. Halafu kuna cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, kile ambacho mtu huomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akalipa shilingi 1,050, kisha akaenda kupigwa alama za vidole. Sisi makarani huanzia kwenye cheti hicho. Kikiwa safi, tunasoma yaliyobaki. Kikiwa na mstari, yaani kosa au shtaka limeandikwa humo, tunafunga faili.

Mzee ninayemzungumzia anakaa Jomvu. Njia ya Malaba hadi Kampala ameipita miaka 24. Cheti chake kilikuwa na mstari mmoja tu: mwaka 2017, kuendesha gari bila uangalifu. Hapakuandikwa kesi iliishia wapi. Siku hiyo nilikuwa na faili 31 za nafasi nne, nikaitia ya kwake chini ya rundo.

Baada ya wiki mbili akaja mwenyewe, shati limepigwa pasi, mkononi ana bahasha ya kaki. Hakunipandishia sauti. Alitoa nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama, akaniomba niisome yote. Alfajiri moja trela yake ilikuwa imesimama kwenye foleni pale Kibarani, bodaboda ikaja kwa nyuma ikaigonga, na mwenye bodaboda akavunjika mguu. Kwa kuwa lori ndilo kubwa, dereva wa lori ndiye aliyeshtakiwa. Alama za vidole zikachukuliwa, akatoka kwa dhamana. Alikwenda mahakamani mara 11. Mara nyingine shahidi hakufika, mara nyingine faili ya polisi haikuonekana. Mwaka 2019 hakimu alimwachilia chini ya kifungu cha 215 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Yaani hakupatikana na hatia.

"Dada," akaniambia, "mimi nilijua kesi ikiisha mahakamani imeisha kila mahali."

Sikuwa na la kumjibu. Zile nafasi nne zilikuwa zimeshajazwa.

Tangu hapo kila dereva mwenye mstari nampigia simu, namwuliza. Nimesikia mambo ambayo miaka yote hii sikuwahi kuyauliza. Wapo walioachiliwa kama yule mzee. Wapo ambao walielewana na mlalamishi, kesi ikaondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria hiyo hiyo, na hali ya hao ni ngumu zaidi, kwa sababu kesi kuondolewa si sawa na kuachiliwa: sheria inaruhusu mtu huyo kushtakiwa tena kwa jambo lile lile.

Na wapo waliokubali kosa lililozaliwa na mwenye lori. Hawa ndio wananiuma zaidi. Tairi ni kipara, au breki zimechoka, au mzigo umepita kipimo kwenye mizani ya Mariakani. Dereva amekamatwa usiku, mzigo wa watu unangojewa, mwenye gari anapiga simu kila baada ya dakika tano: "Kubali tu, faini naituma." Dereva anakubali. Aliyelipa ni tajiri, aliyeandikwa ni dereva. Miaka mitano baadaye yule tajiri ameuza malori yake, dereva anatafuta kazi kwetu, na mimi nakaa hapa nikimsoma kama mvunja sheria kwa tairi ambalo hakuwa na uwezo wa kulinunua.

Sisemi rekodi isitazamwe. Lori la ekseli saba likijaa linaruhusiwa kufika tani 56. Aliyewahi kuteremka Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, nyuma ya trela inayonuka breki anajua kwa nini sikubali funguo zipewe mtu yeyote tu. Mtu aliyehukumiwa kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, kosa ambalo Sheria ya Trafiki inaliwekea kifungo cha hadi miaka 10, lazima nimjue kabla hajawasha injini. Lakini faini ya shilingi 500 ya kutofunga mkanda haiwezi kusomwa kwa jicho hilo hilo. Na shtaka ambalo mwisho wake haukuandikwa halinielezi lolote kuhusu dereva, isipokuwa kwamba siku moja alishtakiwa.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inasema hivyo hivyo. Shtaka bila hukumu ni habari ya kupotosha, sijui niliite vipi vingine. Lakini mzee wa watu amepanda ngazi za masjala ya mahakama mara nne kutafuta faili iliyokwisha kuhifadhiwa, akalipia nakala, kisha akaambiwa aipeleke Nairobi. Nauli ya kwenda na kurudi, na siku mbili bila kibarua. Kwa nini taarifa ya kuachiliwa isitoke mahakamani kwenda kwa polisi siku ile ile hakimu anapoweka kalamu chini? Leseni sasa iko mtandaoni, cheti kinaombwa mtandaoni, hata kesi zinasajiliwa mtandaoni. Haiwezekani kinachobebwa kwa bahasha ya kaki kiwe ni haki ya mtu peke yake.

Kwenu madereva, hasa vijana wetu wanaotoka kwenye utingo wakishika usukani: usingoje tangazo la kazi ndipo uombe cheti. Kiombe mapema, usome kilichoandikwa. Ukiachiliwa, usiondoke mahakamani bila kuuliza utapataje nakala yenye muhuri, kwa maana baada ya miaka miwili hiyo faili ni kuitafuta ghalani. Na tajiri akikwambia ukubali kosa la tairi lake, kwanza muulize wakili, au hata karani wa mahakama, jina lako litaandikwa wapi.

Kwenu makarani wenzangu wa Shimanzi, Miritini na Mikindani: nambari ya simu ya dereva iko juu ya barua yake. Mpigieni kabla ya kuitia faili yake chini ya rundo. Mimi hunichukua dakika tatu, nne akiwa barabarani na mtandao unakatika.

Mzee wa Jomvu aliniachia nakala moja ya hukumu. Nimeibana mbele ya cheti, si nyuma, ili yeyote atakayefungua faili aanze nayo. Yadi yetu inatarajia kuajiri tena Septemba, na faili hiyo sasa iko juu ya rundo.

Karani wa yadi,
Changamwe, Mombasa.
(Jina limehifadhiwa)