Barua kwa Ndugu Salimu Kuhusu Bastola Fupi ya Mtumba

Houston, Texas

Ndugu yangu Salimu,

Assalaam aleikum. Hapa kwetu hatujambo, na shemeji yako anakusalimu wewe pamoja na watoto. Umeniandikia kwamba tangu duka la jirani yako huko San Antonio livunjwe umeamua kununua rivolva ya mtutu mfupi, ya mtumba, na kwamba bei isizidi dola 300. Uamuzi huo sitaujadili, maana wewe ndiye unayefunga duka saa sita usiku. Nitakueleza tu namna ya kuinunua bila kuuziwa chuma kibovu na, kwa mtu mwenye grini kadi kama wewe, bila kujiharibia makaratasi.

Kwa fedha hizo, majina makubwa utayatazama kwenye kabati la kioo na kuyapita. Colt Detective Special, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1927 na kubeba risasi sita, sasa ni mali ya wakusanyaji, na ikiharibika, fundi anayeijua vizuri hupatikana kwa tabu. Smith & Wesson Model 36, ya risasi tano, iliyotoka mwaka 1950, naipenda kuliko zote za umbo hilo, lakini iliyo nzima kwa kawaida itavuka bajeti yako. Utakazozipata ni Charter Arms Undercover, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1964, pamoja na Taurus 85 na Rossi, zote mbili za Brazil. Hizo hutumia risasi ya .38 Special, ambayo haikosekani dukani. Usiogope bastola iliyochubuka rangi kwa kuvaliwa kiunoni miaka mingi, kwa sababu silaha ya mlinzi mara nyingi hubebwa sana na kupigwa kidogo. Aghalabu ni heri hiyo kuliko inayong’aa kwa rangi mpya juu ya kutu ya zamani.

Upo mtego mmoja ambao wanaotafuta bei nafuu huuingia. Utaona bastola ndogo za karne iliyopita, zile zinazofunguliwa kwa kukunjua mtutu kama bunduki ya kuwindia ndege, zenye majina kama Iver Johnson, kwa bei ya kutupa. Nyingi zimechongewa risasi ya .38 S&W, ambayo ni fupi na nene kidogo kuliko .38 Special, na hizo mbili hazibadilishani ijapokuwa zote zinaitwa thelathini na nane. Nyingine zilitengenezwa kwa nguvu ya baruti nyeusi ya zamani, iliyo dhaifu kuliko ya leo. Soma maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu mwenyewe, wala usitegemee kikaratasi cha bei kilichofungwa kwenye triga.

Sasa tuje kwenye ukaguzi, na hapa ufundi wako wa magari utakufaa kuliko ushauri wangu. Muombe muuzaji ruhusa ya kuikagua, fungua silinda, yaani lile pipa linalozunguka na kubeba risasi, tazama matundu yote kuwa hayana risasi, kisha yatazame tena. Usiifunge silinda kwa kuitupa kwa kifundo cha mkono kama waigizaji wa sinema. Kufanya hivyo hupinda mkono wa chuma unaoibeba. Ikiwa imefungwa, vuta nyundo polepole mno huku kidole cha mkono wa pili kikiigusa silinda kwa wepesi ili iwe nzito kuzunguka. Kabla nyundo haijakaa nyuma kabisa, kijino kilicho chini ya silinda lazima kiwe kimekwisha kuingia kwenye kishimo chake na kuikamata silinda. Rudia kwa kila tundu. Hiyo ndiyo taimingi ya rivolva, na kama ilivyo kwenye injini, ikipotea kwenye tundu moja tu, bastola nzima ni mbovu, maana risasi itatoka ikiwa haikuelekeana sawasawa na mtutu na vipande vya risasi vitaruka pembeni.

Nilishuhudia jambo hilo katika duka moja la rehani. Bastola ilikuwa nzuri ya kutazamwa, mpini wa mti wa jozi, bei dola 220. Matundu manne yalijifunga kwa mlio mkavu uliosikika vizuri, lakini la tano nyundo ilifika mwisho na silinda ikabaki ikicheza, pungufu kwa unene wa kucha, hadi ukiisukuma kwa kidole ndipo kijino kikaingia. Muuzaji alisema ukiivuta kwa haraka inaingia yenyewe. Kweli inaingia, kwa kuwa silinda inapata mbio. Lakini ukweli huo haukunishawishi, nikamrudishia juu ya mkeka wake wa mpira.

Baada ya hapo, inyanyue kwenye mwanga utazame mwanya ulio kati ya silinda na mtutu. Chukua ile fila geji uliyokuwa ukipimia mwanya wa plagi: milimita 0.10 hadi 0.20 ni afya, na ukizidi sana moto na masizi vitatoka ubavuni. Isukume silinda mbele na nyuma; isiende kwa namna inayoonekana. Tazama pia mdomo wa nyuma wa mtutu, pale risasi inapoingilia, kama una ufa, hasa upande wa chini. Vichwa vya skurubu vilivyochakaa ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyeifungua bila bisibisi inayostahili, na mimi bastola ya namna hiyo huiacha hapohapo. Kabla ya kuvuta triga ikiwa tupu, omba ruhusa, kwa kuwa wengi hawapendi.

Kuhusu makaratasi, nunua kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu. Texas haimkatazi mkaazi kumuuzia mkaazi mwenzake bila kupitia dukani, lakini wewe hujui bastola hiyo imepita mikononi mwa nani, na ikitokea kuwa ya wizi utakayeulizwa ni wewe. Dukani utajaza Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya mnunuzi wa silaha, na muuzaji ataulizia rekodi yako FBI. Kwetu Tanzania ombi la silaha hupita serikali ya mtaa na polisi kwanza. Huku huenda ukaondoka nayo siku hiyohiyo, na wepesi huo usikufanye uijaze fomu kwa haraka. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua, lakini fomu itakuuliza uraia, na hapo utaandika Tanzania pamoja na namba yako ya uhamiaji. Ukitia alama kwamba wewe ni raia wa Marekani, hata kwa kupitiwa, umejidai uraia usio wako, na kosa hilo kwa sheria ya uhamiaji huweza kumfukuzisha mtu nchini wala halina msamaha mwepesi. Ukiambiwa usubiri jibu, subiri bila manung’uniko.

Swali jingine ni kama unajinunulia wewe mwenyewe. Binamu yako anayesoma kwa viza ya mwanafunzi, ambaye unasema naye anatamani kuwa nayo, usimnunulie. Tangu mwaka 2022 ipo sheria mahsusi ya kununulia mtu mwingine silaha isivyo halali, na kifungo chake hufika miaka 15. Naye, kwa kawaida, viza yake haimruhusu hata kuimiliki, kwa hiyo maadamu mnaishi nyumba moja, ufunguo wa kisanduku uwe kwako peke yako. Wanao nao hawajafika miaka 17, na Texas ni kosa kuiacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa umri huo anaweza kuifikia. Duka litakupa kufuli pamoja na bastola. Mimi naona kufuli hiyo ni ya kuanzia tu, nunua kisanduku cha chuma kinachofungwa kwenye ukuta.

Kwa sababu hiyo bajeti yako naipangua. Bastola yenyewe isizidi dola 250, na zinazobaki ziende kwenye kisanduku, risasi na ada ya uwanja wa kulengea shabaha. Mtutu wa inchi mbili ni mgumu kuliko watu wanavyodhani: nafasi kati ya alama za kulengea ni fupi, triga ni nzito, na bastola nyepesi hurudi nyuma kwa nguvu. Kwa hiyo usichague ya aluminiamu kwa kuwa ni rahisi kubeba. Yako itakaa chini ya kaunta, chukua ya chuma, na uitilie risasi za kawaida, si zile za nguvu zilizoandikwa +P, ambazo nyingi za zamani hazikutengenezewa.

Nitakuja San Antonio mwisho wa mwezi kwa ajili ya harusi. Ukiwa na nafasi Jumamosi asubuhi tuzunguke maduka mawili matatu. Chukua fila geji na kitochi kidogo, na kitambulisho chenye anwani yako ya sasa, kwa kuwa cha anwani ya zamani watakirudisha.

Wasalaam,

Nduguyo Rajabu