Paa langu linaonekana Geneva, hesabu ya kisima chetu haionekani Wete

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, nitajitahidi nisirefushe ingawa najijua.

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi pamoja na vijana wa SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, kwa fedha za Benki ya Dunia, walianza kurusha droni kupiga picha visiwa vyetu vyote viwili. Kazi nzuri kwelikweli, vijana wetu wenyewe ndo waliokuwa wakizirusha, na picha zikawekwa wazi kwenye intaneti kwa yoyote anaetaka kuzitazama au kuzitumia bila kulipa hata senti tano. Mjukuu wangu kanionesha kwenye kompyuta yake, nimeliona paa langu, nimeuona na uwanja wa nyuma tunaotandika majamvi ya karafuu. Kwa hiyo mtu alieko Geneva akitaka kuhisabu mikarafuu yangu ahisabu tu, sina ugomvi nae. Ugomvi wangu ni kuwa shehia hiyohiyo ina kisima kilichochimbwa kwa msaada wa nje na mie ninaekunywa maji yake sina pa kujua kimegharimu kiasi gani.

Kibao kipo, msije mkasema hakuna. Kimesimama pale njia panda, kina bendera mbili juu, jina la mradi, mfadhili, mkandarasi, mshauri, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, halafu pameandikwa "Gharama za mradi" na mbele yake nukta nukta mpaka mwisho wa ubao. Nukta zimepakwa rangi vizuri kuliko maandishi. Pampu ilipokufa watu wakarudi kubeba madumu, mie nikaenda kwa sheha kuuliza mkataba ulikuwa unasema nini kuhusu matengenezo, sheha mtu muungwana akanambia mwalimu suali lako zuri lkn mie mwenyewe sijaletewa karatasi hata moja, jaribu wilayani. Wilayani wakasema hizo ziko Unguja. Na wao siwalaumu sana, ukweli ni kuwa hakuna alielazimishwa kuwa nazo.

Sasa cha ajabu ni hichi. Benki ya Dunia tangu 2010 ina sera ya kuweka wazi nyaraka za miradi yake. IMF nao, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, ule mkopo wa nafuu wa 2021 ambao Tanzania ilipata kama trilioni 1.3 na sisi Zanzibar tukakatiwa bilioni 230, ripoti yake wameitia kwenye tovuti yao, mwenye bando anasoma. Yani habari za fedha zetu, deni letu na watoto wetu, zinapatikana Washington kwa kizungu kabla hazijafika kwenye mlango wa sheha kwa kiswahili. Hii ndo ile ya mgeni kujua kilichomo chunguni na mwenye nyumba anasikia harufu tu.

Wengine mtasema haya ni mambo ya wazungu. Si kweli, au tuseme si yao peke yao. Ule Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi, watu wanauita OGP, ambao serikali zinaahidi kuwafungulia raia wao taarifa, ulianza Septemba 2011 kwa nchi nane na ndani yake mulikuwa na Brazil, Mexico, Ufilipino, Afrika Kusini na Indonesia. Indonesia hao hao wenzetu wa karafuu! Tanzania tukaingia mapema wakati wa Rais Kikwete, Mei 2015 mkutano wa Afrika ukafanyika Dar es Salaam, na 2016 walipochagua serikali za chini 15 duniani za kujaribia mpango huo katika ngazi ya mji na jimbo, Kigoma Ujiji ilikuwamo, kwenye orodha moja na Paris, Madrid na Seoul. Kigoma yetu hii ya migebuka. Halafu 2017 nchi ikajitoa, miezi michache tu baada ya Hungary kujitoa, na safari ya Kigoma ikaishia njiani. Mwaka uliofuata Bara wakarekebisha sheria ya takwimu, ikawa kutoa takwimu zinazopingana na za serikali ni kosa, Benki ya Dunia wakasema wazi kuwa wana wasiwasi, na 2019 ikalegezwa. Kwa hivo anaesema ushirikiano wa kimataifa hausaidii kitu namkatalia, ule wasiwasi wa Benki ya Dunia ulisaidia.

Kwenye orodha ile ya 15 ilikuwamo Scotland pia, na hapa naomba wakubwa wanisome polepole. Scotland iko ndani ya muungano kama sisi, ina bunge lake na ina mambo yake yasokuwa ya muungano kama sisi. Uingereza ilikuwa mwanachama mwanzilishi na bado Scotland ikapata kiti chake yenyewe, wala hakuna alielia kuwa muungano unavunjika. Tena wana sheria yao ya uhuru wa habari ya 2002, mbali na ile ya London, ukiuliza ofisi ya umma lazima ujibiwe ndani ya siku 20 za kazi. Najua kuna atakaenikumbusha OIC ya 1993, pale Zanzibar ilipojiunga na jumuiya ya nchi za Kiislamu ikabidi ijitoe, kwamba mambo ya nje ni ya Muungano, naam nakumbuka sana, nilikuwa mtu mzima wakati ule. Lkn kuweka bei ya kisima kwenye kibao si mambo ya nje. Bara irudi mezani, sisi tuombe kiti chetu mlemle ndani, na wakati tunasubiri hakuna anaetuzuia kuanza nyumbani.

Mana sheria ya kupata taarifa ya 2016 imeandikwa kwa ajili ya Bara. Kule muombaji anatakiwa ajibiwe ndani ya siku 30. Sisi tuna kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinachosema raia ana haki ya kupewa taarifa, kizuri, nimekisomesha skuli miaka na miaka, lkn hakimwambii mtu aende mlango gani, amuone nani wala angoje siku ngapi. Wapo wanaotimiza bila kusukumwa, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu kwa mfano, sensa ya 2022 imetoka na kila mtu anajua tuko 1,889,773, wakati 2012 tulikuwa 1,303,569. Karibu watu laki sita zaidi katika miaka kumi, na wote wanataka maji. Sasa zitolewe na hesabu za visima tuzilinganishe.

Wanaoogopa wakatazame Makueni, Kenya, hata viza hatuhitaji. Kule kila mradi wa kaunti una kamati ya wakaazi wenyewe, mama muuza mboga yumo, fundi wa baskeli yumo, wanaonyeshwa makaratasi ya kazi, wanakwenda kuangalia saruji na mabomba, na mkandarasi halipwi mpaka kamati isaini kuwa kazi imefanyika. Hakuna droni hapo wala mtaalamu kutoka nje. Ni saini tu, na haki ya kukataa kutia saini. Mie nadhani kwenye kile kisima chetu kamati kama hiyo ingeikataa ile pampu siku ya kwanza, kwani tunae kijana hapa mtaani anaerekebisha pampu na aliisema mapema kuwa ndogo kwa urefu wa kisima, akaambiwa hayamuhusu.

Kwa hivo wawakilishi wetu wa Pemba, mkikaa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, kujadili bajeti, muulizeni waziri lini mswada wa kupata taarifa wa Zanzibar utafika mezani, na kwa nini wafadhili wasiwekewe sharti kuwa mkataba usiobandikwa kwa sheha, kwa kiswahili, na bei yake, hautoi malipo. Wafadhili nao wajibu, mana wanapenda sana kutuhubiria uwazi.

Mhariri, barua ikizidi kateni ya Hungary, ya Makueni muiache.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba