Barua kwa somo yangu aliye Maskati

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku Tanga wazima, mama tu goti linamsumbua, ila mdomo uko palepale.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Eti wenzako kazini wanakucheka kwamba Watanzania hata tukiambiwa ugonjwa upo, tunabisha. Na wewe ukatia chumvi yako: wakati wa korona nyinyi mlifungiwa ndani na misikiti ilifungwa, sisi tulicheza harusi. Kweli tulicheza. Lakini ujinga haukuwa, na hilo nalijua kwa sababu miezi yote ile nilikuwa kwenye cherehani, nikiona kwa oda watu wanaamini nini wiki hii na nini wiki ijayo.

Machi 2020, mgonjwa wa kwanza alipotangazwa kule Arusha na shule zikafungwa, kibaraza changu kilijaa. Nilimaliza vipande vyote vya vitenge nikaanza kukata mashuka. Lastiki ikaadimika, tukawa tunafunga barakoa kwa kamba za kitambaa. Kila duka lilikuwa na ndoo ya maji na sabuni mlangoni, hata muuza mihogo alikuwa na yake. Hao ndio unaoniambia hawaamini!

Halafu tarehe 3 Mei Rais Magufuli, akiwa Chato, akasema wamepeleka kwenye maabara ya taifa sampuli za papai na mbuzi kwa majina ya watu, na majibu yamerudi kwamba vina korona. Hebu fikiria hadithi ile ilivyokaa. Kipimo watu hawakijui, papai wanalijua. Mtaani sikusikia mtu hata mmoja akielezwa kwamba kipimo kile kilitengenezwa kwa sampuli za binadamu, wala jinsi sampuli zinavyoweza kuchafuliana maabara. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi, basi. Baada ya siku chache na hesabu zikakoma: wagonjwa 509, waliofariki 21, namba zikaganda hapo zaidi ya mwaka mzima. Juni tukatangaziwa kwamba maombi yamejibiwa. Barakoa zangu zikapaukia kwenye kamba, nyingine nikazifanya vitambaa vya kushikia sufuria.

Mtu akinyimwa hesabu, atahesabu mwenyewe. Sisi tulihesabu kwa maturubai ya misiba. Mapema 2021 yakawa mengi mno, na kila ukiuliza marehemu alikuwa anaumwa nini, jibu ni changamoto ya kupumua. Kila nyumba ikanuka nyungu. Mama alikuwa anajifunika blanketi na sufuria ya mwarobaini, mchaichai na majani ya mpera, anatoka macho mekundu akisema amepona, na ugonjwa wenyewe hajaugua. Februari akafariki Maalim Seif, Mpemba na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ana korona. Unavyojua Tanga ilivyojaa ndugu wa Pemba, kifo kile kilisema kuliko tangazo lolote. Jioni ile ile simu za barakoa zikaanza kuingia. Hakuna aliyewalazimisha, somo. Walimwamini maiti wanayemjua.

Sasa njoo kwenye chanjo. Januari ile ile ya 2021 tulikuwa tumeambiwa na Rais kwamba chanjo hazifai. Machi akafariki. Julai 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, akasema yeye ni mama na ni bibi, asingejipeleka kwenye hatari. Mimi nilimwamini. Mama akazima televisheni: "Serikali ni ile ile, chama ni kile kile, kilichobadilika ni mwenye kiti." Ungemjibu nini? Mbunge wa chama hicho hicho, Askofu Gwajima, alikuwa anaipinga chanjo madhabahuni. Na dozi zilizoletwa, zaidi ya milioni moja, zilikuwa za Johnson & Johnson, ambayo Marekani wenyewe waliisimamisha siku kadhaa mwezi Aprili kwa ajili ya damu kuganda. Wakaikagua wakairudisha, lakini habari ya kurudishwa haikusambaa kama ya kusimamishwa. Juu ya hayo mama akasikia kuna fomu ya kutia sahihi. "Nyinyi wote nimewachanja kliniki," akasema, "nani aliwahi kunitilisha sahihi?"

Upuuzi nao ulikuwepo, siwatetei wote. Wale waliokuwa wanabandika sumaku begani kutafuta chuma cha chanjo, hao niachie mimi.

Mama alichanja mwaka 2022, wahudumu walipoanza kupita nyumba kwa nyumba. Aliyekuja kwetu ni binti anayepimaga watoto uzito pale zahanati. Mama alimkalisha, akamuuliza maswali mpaka chai ikapoa, la mwisho likiwa: "Nikipata homa usiku nikupigie?" Binti akasema apige saa yoyote. Mama akafunua bega. Usiku akapata homa kweli, akapiga, binti akapokea. Mpaka leo kadi ya chanjo ameiweka pamoja na kitambulisho cha kura, na ukimtania anakwambia yeye hakuiamini serikali, alimwamini yule mtoto.

Kuhusu Marburg uliyouliza, ule ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola: katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, walisema kuna watu Kagera wanaoshukiwa kuwa nao, wizara ikasema vipimo havijaonyesha kitu. Tarehe 20 Rais akathibitisha mgonjwa, akiwa Dodoma na mkuu wa WHO pembeni yake. Wiki haikutimia! Ugonjwa wenyewe ulidhibitiwa, Machi ukatangazwa umekwisha, na wahudumu wa afya wa Biharamulo, huko huko Kagera, wanastahili sifa. Ila usinishangae jirani yangu akisikia tangazo lijalo akasubiri kwanza siku sita.

Mwambie shemeji salamu zake zimefika. Na vipimo vya gauni la Idd la mwanao nitumie mapema, mwaka jana ulinitumia usiku wa kuamkia mwandamo.

Ni mimi somo yako,
Tanga