Barua kwa mwanangu: usiniletee gari lako

Mama,

Juzi kwenye simu uliniambia gari linakaribia kilomita 5,000, na kwamba utashuka kutoka Kolwezi Ijumaa ili Jumamosi asubuhi nikufanyie vidanji, yaani kubadilisha mafuta ya moteri, hapa Katuba, Lubumbashi. Ukaongeza: "Papa, nani mwingine atagusa gari langu na wewe upo?" Nikajibu "tutaona", kisha nikakuuliza habari za mvua. Usidhani sikusikia. Nilijua nikianza kueleza utanikata neno kama alivyokuwa akifanya mama yangu, ambaye jina lake umelibeba, kwa hiyo nimechukua karatasi.

Usiniletee.

Siumwi, na kazi sijaichoka. Leo asubuhi nimeshusha sanduku la gia la taksi-busi na mwanafunzi mmoja tu, na jioni mtu wa Kasumbalesa analeta gari la volani (usukani) kulia linalovuja mafuta kila mahali. Minervali yako yote, zile ada, tangu shule ya msingi hadi diploma, ilitoka chini ya mwembe huu, na sina haya nao. Lakini magari yanayokuja hapa yana jambo moja linaloyafananisha: moteri ikifa, hakuna mtu popote duniani anayedaiwa kitu. Lako lina mtu anayedaiwa.

Fungua kile kitabu ulichopewa pamoja na funguo. Ulinisomea mwenyewe siku ulipokuja kunionyesha gari: garanti ya kiwanda ni miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Kwenda Kolwezi na kurudi ni kama kilomita 600. Hata ukifanya safari hiyo mara mbili kwa mwezi, na mizunguko ya kazini juu yake, miaka itaisha kabla ya kilomita. Una miaka 3 mizima ya kulindwa, na nataka uitumie mpaka siku ya mwisho.

Watu wengi wanafikiri garanti maana yake gari likiharibika linatengenezwa bure, basi. Matairi, plaketi za breki, mipira ya kufutia kioo, vidanji yenyewe, vyote hivyo ni mfuko wako. Kiwanda kinasema hivi: kilichovunjika kwa sababu tulikiunda vibaya, tutalipa, kilichovunjika kwa sababu hukukitunza, utalipa. Ugomvi wote unakaa katikati ya maneno hayo mawili. Chukua turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya moteri. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inaelea juu ya mafuta yaleyale ya moteri. Mafuta yakipungua, au yakiwa mazito kupita kiasi, au yakigeuka tope, hiyo ni kati ya vitu vinavyotangulia kufa. Sasa ikifa, nani ataapa kwamba ni chuma kibaya na si mafuta mabaya?

Na nani anaamua? Hapa Lubumbashi ni yuleyule konsesioneri aliyekuuzia gari. Mwamuzi na mdaiwa wanakaa ofisi moja, wanakunywa chai ya chupa moja. Lakini kama vidanji alikufanyia yeye, kwa mafuta yake na filta (chujio) yake, na kitabuni kuna kashe yake, yaani muhuri, atakuambia nini? Akisema mafuta yalikuwa mabaya, anajishtaki.

Hili nililijifunza kwa aibu. Sikuwahi kukusimulia.

Ulikuwa bado shuleni. Mwanasheria mmoja wa mjini, mteja wangu wa siku nyingi, alinunua pikapu mpya. Vidanji ya kwanza alifanya kwa waliomuuzia, akaiona faktiri, ile karatasi ya bei, akarudi kwangu. Nikamfanyia mbili zilizofuata. Mungu anaona, nilifanya vizuri: mafuta ya namba 5W-30 kama kitabu kilivyoagiza, bidoni (dumu) niliifungua mbele yake, filta ya kiwanda, pete mpya kwenye bushoni, kile kizibo cha chini cha kutolea mafuta. Nikaandika kilomita kwenye kipande cha boksi la sabuni, nikakifunga kwa waya karibu na betri, kama ninavyofanya hata leo. Baada ya miezi kadhaa turbo ikafa. Akaenda kudai haki yake. Walimpokea vizuri, wakampa kiti, wakamwomba faktiri za zile vidanji mbili zisizokuwa na kashe. Hakuwa nazo, maana mimi sijawahi kuwa na faktiri yenye namba ya RCCM, ile ya kusajili biashara, na namba ya kodi, unajua mwenyewe. Akanipigia simu. Nikaenda na nguo zangu za kazi, kipande cha boksi mkononi. Yule mtu wa ofisini alikisoma mbele, akakigeuza akasoma jina la sabuni, akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema: "Papa, hatusemi mafuta yako yalikuwa mabaya. Tunasema hatujui."

Angenitukana ningekuwa nimesahau.

Tukiwa njiani kurudi, mteja wangu alinieleza bila hasira. Alisema sheria yetu ya mikataba ni ya mwaka 1888, na kifungu chake cha 33 kinasema mikataba iliyofungwa kihalali ndiyo sheria ya walioifunga. Naye alikuwa ametia saini karatasi inayosema matengenezo yote yatafanyika kwao hadi garanti iishe. Mwanasheria mzima, alisaini bila kusoma! Turbo akailipia mwenyewe. Hata leo tukikutana barabara ya Kasa-Vubu ananisalimia na kuuliza habari za watoto. Gari hakuleta tena.

Binamu yako wa Liège ananicheka nikimweleza haya. Kwao Ulaya mwenye gari anakwenda garaje anayotaka, na garanti inabaki, mradi kazi ifanyike kama kiwanda kilivyoagiza. Marekani nako, anasema, kuna sheria ya 1975 inayomkataza mtengenezaji kumfunga mnunuzi kwenye garaje yake, isipokuwa kazi hiyo awe anaifanya bure. Sawa. Ungekuwa Liège ningekuandikia barua nyingine. Uko Kolwezi, na ulichosaini kimo ndani ya kile kitabu. Kisome kabla ya Ijumaa, hasa maandishi madogo.

Ukiwa unasoma, tafuta ukurasa wenye jedwali mbili za vidanji. Ya kwanza ni ya matumizi ya kawaida, nayo ndiyo watu wanaipenda, kwa kuwa kilomita zake ni nyingi. Ya pili ni ya matumizi magumu: vumbi, mizigo, safari fupifupi, joto, foleni. Hebu niambie barabara za migodi huko mwezi wa nane ni zipi, za jedwali la kwanza au la pili? Lile vumbi jekundu linaloingia mpaka ndani ya saa ya mkononi, filta ya hewa ndiyo inalikamata, na linalopita linaishia kwenye mafuta. Fuata la pili. Na usisahau kwamba pembeni ya kilomita wameandika miezi. Gari likilala, tarehe haijalala. Ukiona utachelewa, waandikie kabla, upate jibu lililoandikwa. Usiridhike na "hakuna shida, mama" ya simu.

Kufika kwao usiende umefumba macho. Nimeona kazi zao zikija kwangu baada ya garanti kuisha. Vidanji wanapewa vijana wanaojifunza, kwa sababu ni kazi nyepesi, na kijana mwenye haraka anafanya makosa matatu: anakaza bushoni ya karteri (bakuli la mafuta chini ya moteri) kwa nguvu za kuonyesha watu mpaka nyuzi zinakatika, anajaza mafuta kupita alama, au filta ya zamani anaifuta kwa kitambaa ing'ae halafu anaiacha palepale. Kwa hilo la tatu nina dawa. Ijumaa jioni nitakuonyesha filta ilipo, na wewe utie tone la ile rangi yako ya kucha ubavuni mwake. Jumamosi ukikuta tone bado lipo, usipige kelele. Muite mkubwa wao, mwonyeshe kidole.

Kabla ya kutoka uwanjani mwao, gari likiwa mahali tambarare na moteri imezimwa dakika kumi hivi, vuta kijiti cha kupimia mafuta. Kifute, kirudishe mpaka mwisho, kivute tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakizidi ya juu, wayapunguze hapohapo, maana mengi kupita kiasi yanachapwa na chuma kinachozunguka ndani mpaka yatoe povu, na povu halilainishi kitu. Baada ya siku chache ukikuta yamekuwa meusi, usinipigie simu usiku. Moteri ya mazutu, yaani dizeli, inatoa masizi, na kazi ya mafuta mazuri ni kuyabeba masizi hayo yasigande ndani. Kuna mafundi hapa mjini, wengine rafiki zangu, wanaowaonyesha wateja weusi huo kwenye kidole na kuwauzia vidanji nyingine. Wanakula kwa weusi.

Faktiri uisome kabla ya kulipa. Iwe na tarehe, kilomita, namba ya shasi, aina ya mafuta na lita zake, filta. "Vidanji" tupu na bei chini yake haikusaidii. Kitabu kipigwe kashe na kitiwe saini siku hiyohiyo, si "utapita wiki ijayo". Piga picha ya faktiri, ya kashe, na ya kilomita kwenye tablo, nitumie. Hata mimi nitakuwa na kitu bora kuliko boksi la sabuni. Wakikuuzia dawa ya kusafisha moteri au kichupa cha kuongeza kwenye mafuta, uliza kiko ukurasa gani wa kitabu. Kama hakiko, asante.

Gharama? Utalipa zaidi ya mara mbili ya ninavyowatoza watu, na wewe nisingekutoza kitu. Inaniuma kama inavyokuuma. Lakini sidhani vidanji zako zote za miaka 3 zitafika bei ya turbo moja na injekta za moteri.

Jambo lingine ninaloliogopa ni hili: mtu akishaogopa kupoteza garanti anaweza kuua gari kwa kulilinda. Umefika Fungurume, taa nyekundu ya mafuta ya moteri imewaka. Simama. Zima moteri hapohapo, usiseme nitasogea mpaka Likasi kwa sababu kitabu kinakataza garaje nyingine. Hakuna kitabu kinachokuagiza uendeshe bila mafuta. Pima kwa kijiti; yakiwa chini, ongeza ya namba ileile iliyoandikwa kitabuni, dai karatasi hata kama ni ya duka dogo, kisha wapigie waliokuuzia na uandike jina la aliyekujibu. Yakiwa yamejaa na taa haijazimika, usiwashe tena, gari livutwe. Ile taa nyingine ya manjano inayokukumbusha vidanji haina haraka hiyo, inahesabu kilomita tu. Tena waulize kwa maandishi kama wana garaje waliyoikubali huko Kolwezi. Ikiwepo, utapumzika na hizi safari.

Usinunue mafuta ya moteri ya barabarani, hata bidoni ikiwa na kizibo kinachong'aa. Vijana wanapita hapa kila jioni kununua bidoni tupu, hasa zile za majina makubwa zisizo na mkwaruzo. Siulizi wanazipeleka wapi. Mimi natoboa zangu zote kwa msumari kabla sijazitupa, na wanajua; wameniita mchawi wa bidoni. Na wewe ukiongeza mafuta njiani, toboa.

Mama yako anasema nimekuandikia kama mtu asiyekutaka nyumbani. Mwambie mwenyewe ukifika. Amekwisha agiza samaki, tomsoni za kutosha, na lenga-lenga (mchicha) analolima nyuma ya choo cha zamani limekomaa. Jumamosi wahi kwao saa mbili asubuhi kabla wateja hawajajaa, kaa pale waone macho yako, halafu njoo moja kwa moja ule bukari (ugali) ikiwa ya moto. Gari uliingize upande wa kushoto wa mwembe, kulia kuna pikapu ya mtu haina moteri. Nitatandika boksi chini yake tuangalie kama kuna tone linalodondoka kwenye bushoni yao. Kuangalia hakuhitaji kashe.

Papa yako