Barua kwa mwanangu anayehamia Nairobi

Mwanangu,

Marahaba. Tiketi ya basi umeshakata, kwa hiyo habari ya kuondoka siisemi tena.

Linaloninyima usingizi ni kazi yenyewe, hiyo ya kukaa katikati ya watengenezaji wa programu na wakubwa wa biashara. Wewe mpole. Bosi akikuuliza, "Itakuwa tayari mwisho wa mwezi?" utaitikia ili asinune. Usiitikie kabla hujawauliza wanaoiandika. Wakisema miezi miwili, peleka miwili.

Nimejivunia kazi yako hapa dukani mpaka majirani wamechoka. Lakini unavyoandika nakujua: ujumbe wako kwangu ni "poa", basi. Huko haitatosha. Juzi simu ya uwakala ilileta "Muamala haujakamilika, jaribu tena." Mama mmoja alikuwa analipa ada ya mtoto, akajaribu tena, akakatwa mara mbili. Alisimama hapo kaunta na karatasi ya shule mkononi hadi jioni tukifuatilia. Maneno mawili tu, "subiri kwanza", yangemwokoa.

Unakokwenda ndiko M-Pesa ilikozaliwa. Mwaka 2005 waliijaribu kwa ajili ya watu kurejesha mikopo midogo, wakakuta wateja wanatumiana fedha wao kwa wao. Walipoizindua 2007, kutuma fedha nyumbani ndiko kulikotangulia. Kuna waliokaa na wale wateja, wakasikiliza, kisha wakarudi kwa mafundi na habari kamili, hata ile isiyopendeza. Nataka uwe mtu wa namna hiyo.

Na usiache kuandika programu, hata kidogo wikendi, mafundi wasije wakakuona mgeni. Baba yako alitaka uhasibu, mimi nikanyamaza, umejipigania mwenyewe. Ila ukiwaahidi wakubwa jambo ambalo mafundi hawalijui, pande zote mbili zitakulaumu wewe.

Fedha ya bati imefika, fundi anaanza Jumatatu, misumari bado. Mdogo wako anaitaka ile kompyuta ya zamani. Futa mambo yako kwanza. Cheti cha homa ya manjano kiweke pamoja na pasi, usikizamishe chini ya begi, Namanga wanaweza kukiuliza. Sweta nimekufungia, Nairobi Julai ina baridi.

Baba yako anataka namba ya mwenye nyumba. Na wakikudai tarehe siku ya kwanza, waambie utawajibu ukishaongea na mafundi.

Mama