Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tuliosoma shule za serikali tunautaka ubia, ila mkataba tuuone kwanza

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Nimeamua kukuandikia hapa hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la watu wengi, na wengi wao wataisoma hii wakiwa kwenye daladala au kazini kabla haijafika mezani kwako. Mimi ni katibu wa chama cha waliosoma shule moja ya sekondari ya serikali. Jina la shule sitalitaja, maana haya ninayoyasema ukienda shule ya jirani utayakuta yaleyale. Tuna grupu letu la WhatsApp, humo ndani kuna wahandisi, manesi, wahasibu, madereva, walimu wenyewe, wenye biashara zao na wengine ambao bado wanahangaika na maisha, lakini ukitaja tu jina la shule kila mtu anaamka.

Tumesikia serikali inataka kuingia ubia na sekta binafsi kwenye shule. Watu wameshaanza kugawanyika, wengine wanasema shule zinauzwa, wengine wanasema sasa ndio tumepona. Sisi tumejadiliana wiki nzima, kelele zilikuwa nyingi na wawili walitoka kwenye grupu (wamerudi lakini), na msimamo wetu ni kwamba tunaunga mkono. Serikali peke yake imebeba mzigo mkubwa, madarasa yamejaa, na sisi tulioinuliwa na shule hizo hatuwezi kukaa pembeni tunalaumu. Ombi letu kubwa ni moja tu: huo ubia usiishie kwenye kujenga na kukata utepe, uandikwe wazi nani atatunza na kwa hela ipi mwaka wa tano, mwaka wa kumi, na mkataba wake watu wa shule wausome kabla haujasainiwa.

Sasa naomba nikueleze tumefikaje hapo, maana hatukulitoa hewani.

Miaka kadhaa iliyopita tulichangishana tukapata kompyuta 20, kampuni moja ikaguswa ikaongeza projekta na ikalipia kufunga umeme upya kwenye chumba. Siku ya kukabidhi kulikuwa na turubai, spika, hotuba, picha nyingi, mimi mwenyewe nililia na wala sioni aibu kusema, kwa sababu mimi nilimaliza shule ile bila kugusa kompyuta hata siku moja. Mwaka jana nikapita shuleni kusalimia, nikaomba nione chumba chetu. Kimefungwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao mwalimu mmoja ambaye amehamishwa, ikabidi utafutwe wa akiba, tukasubiri karibu saa nzima pale kwenye korido. Mlango ulipofunguka lilitoka joto na harufu ya vumbi. Kompyuta zote zilikuwepo, nilizihesabu, 20, zimefunikwa vile vitambaa vya bluu ambavyo kina dada wa grupu letu walivishona wenyewe, vumbi limelala juu kama majivu. Ubaoni kulikuwa bado na maandishi ya chaki ya kipindi cha mwisho, jinsi ya kuhifadhi faili, na tarehe yake ilikuwa ya mwaka wa pili tu tangu tukabidhi.

Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeharibu makusudi. Stabilaiza iliungua. Basi. Fundi alitaka hela ambayo memba wetu mmoja angeweza kuitoa mfukoni, lakini mkuu wa shule hakuwa na fungu la kompyuta kwenye bajeti kwa sababu hazikuwahi kuingizwa kwenye daftari la mali za shule, akawauliza wenye kampuni wakamwambia wao walishakabidhi, akatuuliza na sisi, na sisi (nasema kwa uchungu kabisa) tukamjibu kwamba tulishachangia. Wakati natoka, binti mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza, shikamoo, hivi hicho chumba kitafunguliwa lini, mimi tangu nije sijawahi kuingia. Sikuwa na jibu la kumpa Mheshimiwa.

Ndio maana nilipoanza kusoma habari za ubia wa shule kwenye nchi nyingine sikuangalia picha za majengo, nilikuwa natafuta nani anashika ufunguo.

Uingereza walianza mwaka 1992 mtindo wa kampuni binafsi kutafuta hela, kujenga na kutunza majengo ya umma halafu serikali inalipa kidogo kidogo kila mwaka, mikataba mingi ni ya miaka 25 mpaka 30 hivi. Shule nyingi zilijengwa haraka kwa njia hiyo, na kwa haki kabisa wazo la mjenzi kubaki na jukumu la kutunza ni wazo zuri, ndilo hilohilo tunalolililia sisi. Lakini Januari 2016 upepo mkali uliangusha ukuta wa shule moja ya msingi pale Edinburgh, tani 9 za matofali, na ikawa ni alfajiri watoto hawajafika. Walipokagua wakafunga shule 17 kwa mpigo, watoto zaidi ya 7,000 wakahamishiwa kwingine. Kilichoonekana ni kwamba vile vyuma vinavyoshikanisha kuta havikuzamishwa inavyotakiwa, na ripoti ya mwaka uliofuata ikasema wazi kwamba hakukuwa na jicho huru la kutosha kukagua kazi wakati inafanyika, kila mtu aliamini mwenzake ameangalia. Mimi nikisoma hapo namkumbuka mhandisi wetu wa grupu, yule ambaye kila tukipeleka mchango anauliza nondo ni za saizi gani mpaka watu wanamchoka, nikasema kumbe huyu ndiye mtu ambaye Edinburgh walimkosa.

Kuna na Liverpool. Shule moja ya sekondari iliyojengwa kwa mtindo huohuo ilifungwa 2014, wanafunzi wakaisha, lakini halmashauri ikaendelea kulipia jengo tupu kwa miaka kwa sababu mkataba haukuwa na mlango wa kutokea wa bei nafuu. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba haitaingia tena mikataba mipya ya aina hiyo. Kwa hiyo tukisema tuuone mkataba kabla haujasainiwa msituone wakorofi, jengo likikosewa linabomolewa, lakini mkataba ukikosewa unalipwa mpaka na watoto ambao bado hawajazaliwa.

Halafu kuna mfano ambao mimi binafsi nauonea wivu. Bogotá, Colombia, 1999. Jiji lilijenga shule 25 kwenye mitaa ya watu maskini kabisa, majengo yakabaki mali ya umma, halafu uendeshaji wakapewa taasisi zenye rekodi nzuri ya kuendesha shule, mkataba wa miaka 15, mtoto halipi, na mwendeshaji anapimwa, akishindwa kufikia viwango anaweza kunyang'anywa. Watafiti waliofuatilia wakakuta watoto wanaoacha shule njiani wamepungua. Angalia hapo kitu kilichofanya kazi: kila upande ulijua kazi yake, muda ulikuwa mrefu wa kutosha kumfanya mwendeshaji ajali, na kulikuwa na namna ya kumtoa.

Na hapa Afrika tusijifanye hatujaona. Liberia mwaka 2016 walikabidhi shule 93 za serikali kwa waendeshaji binafsi 8, mtoto haendi kulipa chochote, na mwaka wa kwanza tu watoto wa shule zile walionekana kujifunza zaidi kuliko wenzao. Habari njema hiyo, tusiifiche. Lakini baadhi ya waendeshaji walitumia hela nyingi kwa mtoto mmoja kupita ambavyo serikali ingeweza kubeba, na mmoja akaondoa walimu wengi aliowakuta na kuwatoa watoto waliozidi kwenye madarasa yaliyojaa. Mheshimiwa, hapo kwenye kutoa watoto naomba usimame kidogo. Mtu yeyote anaweza kupandisha ufaulu wa shule kwa kuchagua wa kubaki, mimi mwenyewe kidato cha kwanza nilikuwa wa mwisho mwisho darasani, ningekuwa wa kwanza kutolewa, na leo nisingekuwa katibu wa chama chochote.

Uganda nao kuanzia 2007, walipofungua sekondari kwa wote, serikali iliwalipia ada wanafunzi kwenye shule binafsi pale ambapo za umma hazikutosha, wengi walipata nafasi ambayo wasingeipata, halafu 2018 mpango ukasitishwa. Ubia ambao hausemi utaishaje unamwacha mzazi mlangoni na begi la mtoto mkononi.

Sasa nije kwetu sisi tuliosoma, maana nisilaumu serikali na kampuni tu. Sisi wanafunzi wa zamani tunapenda kuchangia vitu vinavyoonekana. Geti, ukumbi, basi la shule lenye maandishi ubavuni. Vyoo vya wasichana vilivyovunjika milango tunavipita tu tukienda kupiga picha kwenye geti, na mwalimu wa fizikia ambaye hayupo hatumuoni kabisa kwa sababu asiyekuwepo hapigwi picha. Nimelisema hili kwenye kikao chetu wakakaa kimya, halafu dada mmoja nesi akasema basi mwaka huu tuanze na milango. Tumeanza.

Kubwa zaidi ni hili, na naomba wasaidizi wako walipigie mstari. Shule kongwe zina watu. Zina majaji, wabunge, wakurugenzi, wakiitisha mchango jioni asubuhi hela ipo. Shule iliyofunguliwa miaka mitano iliyopita pembezoni haina mwanafunzi wa zamani mwenye hata mshahara. Ukiuacha ubia ufuate penye watu wenye majina, basi wenye nacho wataongezewa na wasionacho watabaki na hotuba, na hiyo kampuni nayo itaenda penye barabara nzuri na kamera. Pendekezo letu, na sisi tumekubali lianze na sisi, ni kwamba chama chochote cha waliosoma kikiingia kwenye mkataba wa ubia sehemu ya mchango wake iende shule changa iliyopangiwa na wizara. Sio hela peke yake, watu pia, mhasibu wetu anaweza kukaa na bodi ya shule ile mara moja kwa muhula akawasomea mahesabu, na mhandisi wetu na maswali yake ya nondo akaenda akawasumbue mafundi wa huko.

Kwenye mkataba wenyewe tunaomba jengo na ardhi vibaki vya umma, na kila kitu kinachotolewa kiingizwe kwenye daftari la mali za shule siku hiyohiyo kinapofika, halafu pembeni yake iandikwe nani anakitengeneza kikiharibika na fungu linatoka wapi, hata kama ni projekta moja. Mtoto asichujwe na asitozwe kitu kwa jina lingine, maana tunajua ada ikifukuzwa mlangoni hurudi dirishani ikiitwa mchango. Walimu waliopo wasikilizwe kabla ya kuguswa. Mkaguzi awe mtu asiyelipwa na mjenzi. Na mkataba ubandikwe kwenye mbao za matangazo za shule, kwa Kiswahili, kurasa zote, mzazi asimame ausome hata kama atasoma kurasa mbili akaondoka, atajua kwamba upo na kwamba una tarehe ya mwisho.

Najua watakuja kukwambia kwamba mikataba ina siri za kibiashara. Bei ya kuchora ramani inaweza kuwa siri, sawa, lakini nani anaziba bomba likipasuka haiwezi kuwa siri ya mtu.

Pia sisi hatutaki kiti cha heshima kwenye sherehe. Tunataka kiti kwenye kamati, kimoja tu, chenye haki ya kuuliza na kujibiwa kwa maandishi. Serikali zinabadilika, wewe mwenyewe Mheshimiwa unaweza kuhamishwa wizara kesho, kampuni zinauzwa, wakuu wa shule wanahamishwa na funguo zao, lakini mimi mpaka nazikwa nitakuwa nimesoma pale. Hakuna namna ya kunihamisha. Kama unatafuta upande ambao utakuwepo mkataba ukifika mwaka wa 15, upande huo ni sisi.

Rasimu ikiwa tayari tupe siku 30. Wanasheria wawili na yule mhandisi wameshajitolea kuisoma ukurasa kwa ukurasa bila malipo, na tutakuletea majibu kwa maandishi, tunachokubali na tunachokataa na kwa nini.

Na stabilaiza tumeshanunua. Iko ofisini kwa mkuu wa shule bado iko ndani ya boksi, anasubiri barua ya kumruhusu kuiingiza pamoja na zile kompyuta 20 kwenye daftari la mali. Tukiipata barua hiyo wiki hii, fundi amesema Jumamosi anakuja.

Wako,
Katibu, kwa niaba ya wanafunzi wa zamani